KIPUPWE SI KISINGIZIO

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Mimi naongeza, kwa ruhusa yao, kwamba hata mchagua mwezi si mkulima. Nimeshika kalamu ili nitoe maoni juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtalicheka, kama mlivyonicheka mimi mwaka jana. Jambo lenyewe ni shamba la shule yetu, na hasa kile kipande chenye unyevu na kivuli nyuma ya maktaba, pale ambapo ukuta umeota ukoga wa kijani na hakuna anayefika ila aliyefuata mpira au anayekwepa gwaride la asubuhi.

Nasikia kwamba kipande hicho kitamwagiwa saruji likizo ya Desemba ili pawe mahali pa kuegesha magari. Sababu inayotolewa ni kwamba eti hapo hapamei kitu. Nami nasema, kwa heshima na taadhima, kwamba hapo hapajawahi kupandwa kitu kinachofaa kwa wakati unaofaa. Hayo ni mambo mawili tofauti kama mchana na usiku.

Kabla sijaenda mbali, tukumbushane kwa nini jambo hili lina uzito. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Asubuhi tunatoka nyumbani ukungu wa Limuru ukiwa mzito hadi huoni mkono wako, na jioni tunarudi wengine kilomita nyingi kwa miguu. Chakula cha mchana hapa shuleni ni githeri Jumatatu, githeri Jumanne na githeri Jumatano. Mboga za majani tunaziona Ijumaa peke yake, na sukuma wiki ikipanda bei sokoni, hata hiyo Ijumaa tunaila kwa kumbukumbu tu. Wako wenzetu, na sitawataja kwa kuwa wanajijua, ambao sahani hiyo ya mchana ndiyo ya pekee kwa siku nzima. Sasa, shule yenye ardhi, maji na vijana mia kadhaa wenye mikono, inanunua majani ya sukuma sokoni! Je, hiyo si aibu?

Sasa nisimulie kisa changu, msije mkadhani nazungumza ya kusikia. Mwaka jana, nikiwa Kidato cha Pili, nilinunua pakiti ya mbegu za nyanya kwa pesa zangu za nauli. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Julai. Nilizipanda nyuma ya maktaba, kwa maana nilidhani mahali penye maji mengi ndipo mbegu hufurahi. Nikamwagilia asubuhi, nikamwagilia jioni. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu ikapita. Zilizoota zilikuwa saba tu, nyembamba kama uzi wa cherehani, na baada ya siku nne zote zikalala chini, mashina yameoza pale yanapogusa udongo. Tangu siku hiyo nikabatizwa jina: Nyanya. Hadi leo sijui kama ni nyanya ya kwenye kitoweo au nyanya mzaa mama. Wavulana fulani wakiniona karibu na bomba hunisalimu, "Shikamoo, Nyanya," kisha wanaangua kicheko.

Nilipomweleza shosho yangu, ambaye shamba lake liko bondeni kando ya kijito, yeye hakunicheka. Aliniuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, kwa mboga zote alizoumba Mungu, mbona ukamchukua mtoto wa jua ukamlaza kwenye kitanda kilicholowa?" Kisha akanishika mkono akanionyesha kitalu chake. Ilikuwa Julai ile ile, baridi ile ile, na chini ya nyasi kavu sukuma wiki, kabichi na vitunguu vilikuwa vimechungulia nje kama watoto waliosikia kengele. Upande wa chini, kwenye kivuli cha migomba ambapo maji hayakauki, nduma zilikuwa zimesimama na majani mapana kama masikio ya ndovu.

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba baridi haikuwa na hatia. Mwenye hatia nilikuwa mimi, tena mara tatu: mbegu haikuwa yake, mahali hapakuwa pake, na maji yalipita kiasi.

Wapenzi wasomaji, Kiswahili chetu ni tajiri. Kina masika, kina vuli, kina kiangazi, na kina neno kipupwe, yaani majira ya baridi ya kuanzia Juni hadi Agosti. Waliotupa neno hilo waliyahesabu majira hayo kuwa majira kamili. Sisi tumeyageuza kuwa likizo ya jembe. Ukimwuliza mwanafunzi kwa nini shamba la shule ni tupu mwezi wa Julai, atakujibu, "Baridi imeua kila kitu." Hebu tuyapime maneno hayo.

Baridi ya kwetu haiui mbegu, huichelewesha tu, na kila mbegu ina kiwango chake. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 20, mbegu ya kabichi huota kwa takriban siku 6. Joto likishuka hadi nyuzi 15, huchukua takriban siku 9. Likifika nyuzi 10, huchukua wiki 2 hivi. Kwa hiyo hapo huna hasara, ni subira tu inayotakiwa. Kitunguu nacho hakina makuu: kwa nyuzi 15 huota baada ya juma moja hivi, na karoti baada ya siku 10. Sasa itazame nyanya. Kwa nyuzi 20 huota kwa siku 8 hivi, kwa nyuzi 15 huchukua wiki 2, na kwa nyuzi 10 hukaa wiki 6 ardhini, na kufikia hapo nyingi huwa zimekwisha kuoza. Pilipili ndiyo mbaya zaidi, kwani kwa nyuzi 15 hukaa karibu siku 25. Bila shaka mmeelewa sasa kwa nini niliitwa Nyanya.

Huko Ulaya na Marekani, mahali ambapo maji huganda, wako watu wanaopanda mbegu kwenye vyombo vya plastiki vilivyotobolewa, wakaviacha nje theluji ikiviangukia hadi joto lirudi. Isitoshe, zipo mbegu, kwa mfano za tufaha, ambazo haziamki kabisa mpaka zipitie wiki kadhaa za baridi na unyevu. Sisi hatuna hata theluji, tuna manyunyu tu, na tunajikunyata darasani tukisema haiwezekani!

Wengine watasema, "Na jalidi je?" Swali zuri. Jalidi huunguza kweli. Januari mwaka 2012 iliunguza majani chai huko Kericho. Lakini tazama mwezi wenyewe: ilikuwa Januari, si Julai. Jalidi hupenda usiku mkavu usio na mawingu, kwa kuwa joto la ardhi hupaa likapotea angani. Mwezi wa Julai mawingu ya kwetu hutanda kutwa kucha. Ni kweli yanatunyima jua mchana, lakini usiku hutufunika kama blanketi. Kwa hivyo mara nyingi mche wa Julai hulala salama kuliko mche wa Januari. Hata hivyo, pale bondeni hewa baridi hutuama, basi tandaza nyasi kavu juu ya kitalu na usilale ukisali tu.

Hoja yangu ya pili inahusu kalenda, na naomba walimu waipime vizuri. Mvua za vuli huanza hapa kwetu yapata katikati ya Oktoba. Kila mwaka tunasema tungoje mvua. Haya, tumengoja, mvua ikanyesha, tukapanda. Lakini muhula wa tatu ni mfupi, una wiki tisa hivi, na kufikia mwisho wa Oktoba tumefunga shule. Mbegu zinaota sisi tuko nyumbani. Miche inafaa kuhamishwa mwishoni mwa Novemba, wakati ambapo shuleni kumebaki watahiniwa na mlinzi. Januari tukirudi, kiangazi kimekula kila kitu, nasi tunasema ardhi ya shule ni mbovu. Ardhi imefanya nini? Ni sisi tuliokuja harusini siku ya kukunja mikeka. Chelewa chelewa utampata mwana si wako.

Sasa badilisha hesabu. Tuseme tumepanda kitaluni wiki ya kwanza ya Julai. Siku 9 au 10, mbegu zimeota. Wiki 6 baadaye ni mwisho wa Agosti, shule inafunguliwa, na miche ina majani manne hadi sita, yaani imefika umri wa kuhamishwa. Mwezi wa Septemba bado kuna mawingu na ardhi haijakauka sana, maji ya tangi yanatosha kuivusha. Mvua ya Oktoba ikija inaikuta imeshika mizizi. Kabla hatujafunga, sukuma wiki na spinachi zimeanza kuchumwa. Mbegu ni zile zile, shamba ni lile lile. Tumebadilisha mwezi tu.

Na likizo ya Agosti je, nani atamwagilia? Hapo ndipo baridi inapogeuka kuwa rafiki. Kitalu cha kipupwe hakikauki haraka. Kumwagilia mara moja kwa siku mbili au tatu kunatosha, tena asubuhi ili majani yakauke kabla ya usiku. Likizo ni wiki tatu hivi. Sisi ni wa kutwa, twakaa karibu. Wanafunzi kumi wakigawana zamu, kila mmoja atakuja shuleni siku moja tu.

Hoja ya tatu ndiyo inayonifurahisha zaidi, maana niliigundua kwa fimbo. Mwaka huu, shule zilipofunguliwa Januari, nilisimamisha fimbo ya mita moja uwanjani saa sita na nusu mchana, wakati ambapo jua letu hapa hufika juu kabisa. Kivuli kilikuwa na urefu wa sentimita 40 hivi, tena kilielekea kaskazini. Mwishoni mwa Juni, siku jua lilipochungulia, nikapima tena. Kivuli kilikuwa na sentimita 45, lakini safari hii kilielekea kusini! Mwalimu wa Jografia alinieleza sababu. Sisi tuko karibu sana na ikweta, kama digrii moja kusini yake. Mwezi wa Juni jua huwa kaskazini mwetu, na Desemba huwa kusini mwetu. Kati ya hapo, mwishoni mwa Septemba na katikati ya Machi, hupita juu ya utosi.

Sasa njooni nyuma ya maktaba. Upande ule unatazama kusini. Mwezi wa Julai ukuta wenye urefu wa mita tatu unatupa kivuli cha adhuhuri cha karibu mita moja na theluthi moja upande huo, na ndiyo maana panaonekana kama kaburi. Lakini kufikia mwisho wa Agosti kivuli hicho kimepungua kikawa chini ya nusu. Mwisho wa Septemba kimekwisha. Kuanzia Oktoba hadi Februari jua linapapiga sawasawa. Kumbe mahali tunapopaita pa giza ni pa giza kwa miezi michache tu, nasi kila mara tunapahukumu Julai! Ni sawa na kumpima mtu akili akiwa usingizini.

Na upande wa mbele wa maktaba, unaotazama kaskazini, ndio unaopata jua lote la Julai, hata likiwa haba, na ukuta hulihifadhi joto lake hadi jioni. Kwa hiyo kitalu kiwe mbele ya ukuta, na miche ihamie nyuma ya ukuta mwezi wa Agosti, wakati ambapo kivuli kinaondoka na unyevu umebaki. Jengo moja, pande mbili, kazi mbili. Halihitaji hata senti.

Hayo yote nimeyajaribu, wapenzi wasomaji. Mwezi wa Julai mwaka huu, kwa ruhusa ya mwalimu wa Kilimo, nilitengeneza kitalu cha upana wa mita moja mbele ya maktaba. Nilichanganya udongo na samadi iliyooza vizuri, nikachora mistari ya kina cha sentimita moja na nusu, nikapanda sukuma wiki na spinachi, nikafunika kwa nyasi kavu. Siku ya kumi nilipofunua nyasi, karibu nipige kelele maktabani wakati wa kusoma. Mistari ilikuwa imejaa. Niliziondoa nyasi zote, kwa sababu miche iliyoota ikiachwa chini ya nyasi hurefuka bila nguvu, na unyevu hulea ule ugonjwa wa kuozesha shina. Nikaipunguza iliyobanana. Marafiki zangu wawili walinishika mkono likizo ya Agosti, nami nawashukuru sana. Wiki moja kabla ya kuhamisha nilipunguza maji ili miche ikomae. Jumla niliyohamishia nyuma ya maktaba ilikuwa miche 40.

Sitawaficha hasara. Konokono walikula 11. Nilimwaga jivu kuzunguka miche, lakini jivu likilowa haliwi kitu tena, na mahali pale hulowa kila siku. Kilichofaa ni kufika mapema, kabla ya gwaride, na kuwaokota kwa mkono. Ilibaki miche 29. Wiki jana mpishi wetu alichuma majani akayapika na githeri. Hayakutosha shule nzima, yalitosha meza mbili. Lakini wale wa meza hizo mbili hawakuniita Nyanya siku hiyo. Mmoja aliniuliza, "Dada, kesho yako?"

Hoja ya nne ni kuhusu pale ambapo hapakauki hata Februari, yaani kando ya mfereji unaotoka kwenye bomba la tangi. Hapo msilazimishe sukuma wala kabichi, mizizi yake itakosa hewa. Hapo ni nyumbani kwa nduma, ambazo ndugu zetu wa Pwani huziita majimbi, na wa Tanzania magimbi. Nduma haiogopi maji, na huvumilia kivuli. Mashamba ya mabondeni yamelisha watu wa mkoa huu miaka na miaka kwa ajili yake. Siku hizi hata asiye na bonde huchimba handaki, akatandika karatasi ya nailoni chini ili maji yasipotee, akarudisha udongo na samadi, akapanda. Sisi tumepewa bonde dogo na bomba bure, na tunataka kulizika kwa saruji!

Mwezi wa Mei shosho alinipa machipukizi sita ya nduma, nami nikayapanda kando ya mfereji ule, nikiacha kama nusu mita baina yake. Yote sita yameshika. Sasa yamefika magotini. Kwa baridi ya huku kwetu hukaa karibu mwaka kabla ya kuchimbwa, kwa hiyo yanahitaji kuachwa hadi mwakani. Ndiyo maana habari ya saruji ilipofika masikioni mwangu sikulala. Nduma huchemshwa hadi ziive kabisa, kwa sababu mbichi huwasha koo, lakini zikiiva ukazipata na chai ya saa nne, hutaulizia mkate. Kwenye ukingo wenye kivuli kidogo, penye unyevu usiotuama, panafaa dania, nanaa, na mnavu, ambao sisi huuita managu, Waluo osuga na Waluhya lisutsa. Mchicha msiuweke huko mwezi wa Julai. Huo unapenda joto, utawaaibisha kama nyanya zilivyoniaibisha mimi.

Nitaje na onyo moja: maji ya bomba na ya paa ni sawa, lakini tusipande chochote cha kuliwa pale maji ya maabara yanapomwagika au karibu na vyoo. Afya haina duka.

Nimefika sasa kwenye jambo gumu, na naomba walimu wanisamehe. Tunajua sote kwamba jembe la shule hii lina kazi moja kubwa, nayo ni adhabu. Ukichelewa, shamba. Ukizungumza wakati wa kusoma, shamba. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na hilo ni jema, lakini jembe likakalia kiti chake. Mwanafunzi aliyelimishwa kwa hasira hulima kwa hasira. Atachimba shimo, atakata mizizi, atapanda mbegu kichwa chini miguu juu, na akimaliza hatageuka nyuma kuona kama imeota. Tena akienda nyumbani, atamwona mzazi wake aliye shambani kama mtu anayetumikia kifungo. Hilo ndilo linaloniuma. Mama yangu hupalilia vibarua ili mimi nikae darasani. Sitaki kufundishwa kuidharau kazi inayonisomesha.

Najua atatokea wa kuniambia, "Sisi tuko hapa kusoma, si kulima, mwakani una mtihani." Ni kweli, mwakani nitakuwa mtahiniwa. Lakini sisi tunaosoma Kilimo tutatakiwa kufanya mradi wa shambani kwa ajili ya mtihani huo huo. Hesabu za kivuli nilizipata kwa fimbo, na sitazisahau hata nikiamshwa usiku wa manane. Na kitalu hakinitaki kutwa nzima, ni dakika ishirini kwa siku. Dakika ishirini ndizo tunazopoteza tukijadili matokeo ya mpira.

Mwingine atasema mahali pale pataleta mbu. Naam, maji yaliyotuama huleta mbu. Lakini mbu wamo pale hata sasa, bila nduma. Mfereji ukizibuliwa maji yakatembea polepole hadi kwenye nduma, kidimbwi kitakwisha. Saruji nayo haiondoi maji, huyasukuma tu yakamsumbue mwingine. Msimu wa mvua yatakwenda wapi? Mlangoni mwa bweni hatuna, basi ni mlangoni mwa madarasa yetu.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kwanza, saruji ingoje. Tupewe msimu mmoja tu, hadi Oktoba mwakani. Magari yaegeshwe karibu na lango, ambako ardhi ni kavu na ngumu, hata magugu yenyewe yamekataa. Pili, kila mwaka wiki ya kwanza ya Julai iwe wiki ya kitalu, kila kidato kiwe na mstari wake. Tatu, adhabu zitafutiwe mahali pengine, shamba libaki la wanaolipenda. Nne, sisi wa Chama cha Kiswahili tuandike vibao vya mimea kwa Kiswahili sanifu pamoja na majina ya lugha za nyumbani, ili mwanafunzi ajue kwamba mnavu, managu na osuga ni mboga moja. Vyombo si tatizo. Wangari Maathai alipoanzisha vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, wanawake wa vijijini waliotesha miti kwa vyombo walivyokuwa navyo majumbani. Sisi tuna makopo na pakiti za maziwa tele kwenye jaa la takataka.

Oktoba mwakani ikifika, kama pale nyuma ya maktaba hapatakuwa na mboga, mimi mwenyewe nitabeba ndoo ya kwanza ya kokoto. Nimeandika, na walimu wangu ni mashahidi.

Najua pia kwamba mimi sitakula nyingi. Wakati nduma zile zitakapochimbwa nitakuwa nakaribia kumaliza shule. Lakini hata migomba ya shosho ilipandwa na mama yake, nami nimeila. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvungu wetu ndio huo, nyuma ya maktaba. Njooni tuiname pamoja.

Na wale wavulana wa bomba, jina la Nyanya nimelikubali. Nisalimieni tu. Lakini mkija, mje na ndoo.